Penalti ile hamkupewa na Mungu

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kocha wa timu ya mtaa hapa Tanga mjini. Vijana wangu ni mchanganyiko, Waislamu na Wakristo, na kila mechi tunaianza kwa dua na sala. Mwezi uliopita tulicheza fainali ya ndondo, yaani mashindano ya mitaani. Dakika za mwisho, tukiwa sare ya bao moja kwa moja, mshambuliaji wetu alianguka ndani ya boksi, refa akatoa penalti, tukafunga. Tukabeba kombe, mbuzi na laki tano. Mdhamini wetu, ambaye anautaka udiwani, alishika kipaza sauti akasema Mungu ametupa. Siku ya tatu yule kijana akanifuata nyumbani usiku. Anaimba kwaya kanisani kwao. Akanambia hakuguswa na mtu, alijiangusha, na tangu siku ile kuimba kunamshinda. Mdhamini nilipomweleza akaniambia nifunge mdomo. Wenzetu tuliowafunga wanasema watatusomea halbadiri. Refa alikimbizwa kwa mawe. Je, tulikosea kumwomba Mungu ushindi? Na kombe hili nilifanyeje?

Jibu: Marahaba, kocha. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara jicho langu linatua pale ulipomtaja refa. Umemtaja mwisho, kwa maneno manne. Nitaanza na mengine uliyouliza, lakini kwake nitarudi, maana yeye ndiye ninayemwonea uchungu kuliko wote. Nimepuliza filimbi miaka ishirini na tatu, kuanzia viwanja vya vumbi hadi uwanja wa Mkwakwani, na sasa nafundisha waamuzi vijana. Utaniwia radhi basi nikiyatazama mambo haya nikiwa nimesimama katikati ya uwanja.

Sheria niipitie haraka, kwani haina ubishi. Kujiangusha ili kumdanganya mwamuzi ni kosa chini ya Sheria ya 12, na adhabu yake ni kadi ya njano. Sheria ya 5 nayo inasema uamuzi wa refa juu ya matukio ya mchezo, yakiwemo mabao na matokeo, ni wa mwisho. Akigundua kosa anaweza kuubadili uamuzi wake kabla mchezo haujaanza tena. Baada ya hapo mlango umefungwa. Hata mkienda leo mbele ya kamati ya mashindano na kijana wako akakiri kila kitu, watawajibu kwamba matokeo yamesimama, nao watakuwa wamesema kweli. Mdhamini wako akisema kombe ni lenu kwa mujibu wa sheria, hajadanganya.

Ila kijana wako hakuja kwako usiku kwa sababu ya Sheria ya 5.

Iko hadithi iliyopokewa na Bi Ummu Salama, imo katika Bukhari na imo katika Muslim. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaambia watu waliomletea kesi kwamba yeye ni binadamu. Huenda mmoja wao akawa hodari wa kujieleza kuliko mwenziwe, naye akamhukumia kwa kadiri alivyosikia. Basi yeyote aliyekatiwa haki ya nduguye asiichukue, kwa maana alichokatiwa ni kipande cha moto. Kila darasa la waamuzi ninalolifundisha hulisimulia hadithi hii, na vijana wa Kikristo huielewa upesi sawa na wa Kiislamu. Itazame vizuri. Hakimu hajalaumiwa, amehukumu kwa kilichomfikia. Hukumu haikutenguliwa. Lakini kitu kisicho chako hakigeuki kuwa chako kwa kuwa hakimu amekupa, ikiwa wewe mwenyewe wajua. Refa wenu aliona mtu amekwenda chini na beki yupo karibu, akapuliza. Bao likahesabiwa. Kwa upande wenu, aliyejua kwamba hakuguswa ni mmoja tu pale uwanjani, na huyo ndiye usingizi umemkimbia.

Sasa sikiliza ile kauli ya mdhamini. Mungu ametupa. Ametupa nini? Mlikwenda mkamwomba kwa mikono iliyoinuliwa, halafu mkakipata kwa hila, kisha mkarudi kumwekea Yeye jina juu ya hila ile. Mwaka 1986, kule Mexico, robo fainali ya Kombe la Dunia, Diego Maradona alifunga kwa mkono dhidi ya Uingereza, na alipoulizwa akasema bao lile lilitoka kidogo kwenye kichwa chake na kidogo kwenye mkono wa Mungu. Watu waliicheka kauli ile na wengine wanaipenda mpaka leo. Mimi sijawahi kuipenda. Refa wa siku ile alikuwa Mwafrika, Ali Bennaceur wa Tunisia, na jina lake likabaki limefungamana na bao lile. Mwaka 2015 Maradona alimfuata nyumbani kwake Tunis na kumpa jezi yenye saini yake. Nilifurahi kuisikia habari hiyo, lakini kumbuka ni miaka ishirini na tisa imepita hapo katikati.

Umeniuliza kama mlikosea kuomba ushindi. Hapana, hamkukosea. Mwanadamu humwomba Mola wake mvua, mtoto, kufaulu mtihani. Kwa nini asimwombe bao? Kosa huanza pale mtu anapodhani kwamba akiomba vizuri ni lazima apewe, na kwamba aliyeshindwa ndiye aliyenyimwa. Mtume alikuwa na ngamia jike aliyeitwa Adhbaa, hakuna aliyewahi kumshinda mbio. Siku moja akaja bedui na ngamia wake kijana, akampita. Waislamu wakaumia sana. Mtume alipoyaona hayo nyusoni mwao akawaambia kwamba ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kutokiinua kitu chochote cha dunia ila hukishusha. Hakumtafutia bedui kosa, wala hakusema mbio zirudiwe. Nikiulizwa uungwana wa michezo ni nini, mimi huanza na ngamia huyo.

Na chukua mfano wa kwetu hapa Tanzania. Mwaka 1988 Juma Ikangaa alikimbia marathoni ya Boston, kilomita arobaini na mbili na ushei, akashindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Mwaka uliofuata akawa wa pili tena. Mwaka 1990 wa pili tena. Hapo katikati, Novemba 1989, alishinda New York. Ukisema Mungu alikuwa na Hussein kwa ile sekunde moja, utasema nini juu ya New York? Mimi naona ni salama zaidi kusema walikimbia wanaume wawili wa Afrika Mashariki na mmoja alitangulia.

Tatizo letu watu wa pwani, na hili naliongea kwa uchungu kwa kuwa ni kwetu, ni kwamba dua tumeiweka kapu moja na mambo ya kamati ya ufundi. Wewe kocha wajua kamati hiyo nisemayo, ya mambo ya uchawi, isiyofundisha hata pasi moja. Vilabu vikubwa vimepigwa faini kwa kukataa kupita mlango rasmi wa uwanja, na huku mchangani usiku wa kuamkia fainali pesa ya viatu vya watoto inakwenda kwa mganga. Mtu akitoka huko na kuingia kwenye dua, anaiomba dua kwa moyo ule ule wa kutafuta kitu cha kumfunga miguu mwenzake. Mimi nina kipimo kimoja ninachowapa makocha. Dua yako, je, unaweza kuiomba kwa sauti wapinzani wakiwa wamesimama pembeni yako na wao wakaitikia amina? Kuomba usalama wa miguu, subira, macho ya refa yaone sawasawa, nguvu ya kucheza tulivyojiandaa: wataitikia. Kuomba kipa wao apofuke: hawataitikia. Na hapa kwetu shughuli nyingi za serikali hufunguliwa kwa shehe na mchungaji kuomba mmoja baada ya mwingine huku wote tumeinamisha vichwa. Jambo hilo lifanyeni kwenye duara la kati, timu mbili pamoja, kabla ya mpira kuanza. Kijana asiyetaka kuomba aachwe asimame kimya, asilazimishwe wala asinyimwe namba.

Kuhusu halbadiri. Ni kisomo chenye majina ya wale waliopigana Badr, mia tatu na kumi na tatu kwa hesabu iliyozoeleka, na huku pwani kimekuwa silaha ya kutishia watu katika ugomvi wa mashamba, wizi wa baiskeli na sasa mpira. Mashehe wanatofautiana juu yake na mimi si mufti, waendee wao. Ninachokwambia ni hiki: usishughulike na kutafuta kisomo cha kukizuia kisomo chao. Wamekasirika kwa sababu wamedhulumiwa, na wanaamini hivyo bila hata kusikia kijana wako alichokwambia. Ukiiondoa dhuluma, kisomo kitakosa kazi.

Kijana sasa. Usimpeleke mbele ya kipaza sauti. Nakuomba sana. Ana umri wa kuweza kuvunjika, na mtaa ukimshika mtu mmoja huwa hauna huruma. Lakini usimwambie pia kwamba yaishe kanisani kwa toba. Dini zetu mbili hapa zinasema jambo moja. Kwetu sisi toba ya haki ya mja haikamiliki mpaka haki irudi kwa mwenyewe au mwenyewe asamehe. Kwao, Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Injili, hakuishia kujuta. Alisema kama amemdhulumu mtu atamrudishia mara nne. Na katika Mathayo, mlango wa tano, mtu anayekumbuka akiwa madhabahuni kwamba nduguye ana neno juu yake anaambiwa aiache sadaka pale pale, aende akapatane kwanza, kisha arudi. Kijana anayeshindwa kuimba amefika kwenye mstari huo kwa miguu yake. Mwambie hivyo, itampa nguvu kujua kwamba anachokisikia moyoni kina jina katika kitabu chake.

Na mwambie wapo wakubwa waliofanya hivyo tena mchezo ukiendelea. Mwaka 2012 Miroslav Klose wa Lazio alifunga dhidi ya Napoli, matokeo yakiwa bado bila bila. Akamwendea refa na kukiri mpira umegonga mkono wake. Bao likafutwa, na mechi ile Lazio wakafungwa tatu bila. Mwaka 2014 Aaron Hunt wa Werder Bremen alijiangusha kama kijana wako, refa akaonyesha penalti, naye akasimama akamwambia hapana, sikuguswa. Penalti ikafutwa. Nawapenda wote wawili, ila Klose namkumbuka zaidi, kwa kuwa ukweli ule ulimgharimu.

Narudi kwa refa kama nilivyokuahidi.

Miaka mingi nyuma niliwahi kuhesabu bao ambalo mpira uliingizwa kwa mkono. Sikuona, beki alikuwa mbele yangu, na msaidizi wangu alikuwa amechelewa hatua mbili. Timu iliyofungwa ilisema nimehongwa. Neno likatoka uwanjani likaingia mjini. Mke wangu alikuwa akienda sokoni Mgandini kununua samaki anasikia watu wanaambiana huyu mumewe ndiye yule mla rushwa. Mwanangu alipigana shuleni. Hilo halikuwa wiki moja, lilikuwa miaka miwili. Kisha nikakutana na nahodha wa timu iliyofunga kwenye mazishi, Tongoni, tukiwa tunarudi kutoka makaburini. Akanivuta pembeni akaniambia, Mwalimu, ule ulikuwa mkono, sote tulijua. Nilimshukuru na kumwambia nimesamehe, na nilisamehe kweli. Lakini tulikuwa wawili tu pale chini ya mkorosho. Mgandini hawakusikia.

Refa wako huyo, wa mechi ya ndondo, nakisia alilipwa nauli na soda. Ametupiwa mawe mbele ya watu wanaomjua, na leo hii akipita kuna wanaosema alikula sehemu ya ile laki tano. Timu iliyofungwa mnaweza kuwatafutia kombe lingine. Pesa inarudishika. Mbuzi ananunulika. Jina la mtu yule nani atamrudishia kama si ninyi? Nyie mnaojua kwamba hakuhongwa, kwamba alidanganywa, mmekaa kimya, na ukimya wenu unamwacha aendelee kuitwa mwizi kwa niaba yenu. Hili ndilo linaloniuma, kocha, na ndilo litakalokuwa gumu kuliko kurudisha kombe.

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi. Ningemchukua kijana, tukaenda naye usiku kwa refa, nyumbani kwake, watatu tu. Aseme mwenyewe. Refa atakasirika, mwacheni akasirike. Kisha wewe, kwa sauti yako wewe kama kocha na si kwa jina la kijana, uende kwa viongozi wa timu ile nyingine na kwa wazee wa mtaa useme maneno machache: tumejiridhisha kwamba haikuwa penalti, mwamuzi alidanganywa na upande wetu, hakupewa senti. Watu watakisia ni nani aliyeanguka, bila shaka, walimwona. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kocha kusimama mbele ya mchezaji wake na kumsukuma mbele ya watu.

Kuhusu kombe lenyewe usiamue peke yako. Si lako, ni la vijana kumi na nane waliotoka jasho, na wengi wao hawajui lolote. Waite, waeleze, wasikilize. Wengine watagoma, nao wana hoja yao: walicheza dakika tisini kwa haki na hawakumdanganya mtu. Ila wasomee kisa hiki. Februari 1999 Arsenal walicheza na Sheffield United Kombe la FA. Sheffield waliutoa mpira nje ili mchezaji aliyeumia atibiwe. Arsenal wakaurusha kuwarudishia, kama desturi ilivyo, lakini Kanu, kijana wa Nigeria ambaye ndiyo kwanza anavaa jezi ile, akaukimbilia, akatoa pasi na Overmars akafunga. Mbili kwa moja. Kisheria bao lilikuwa halali kabisa. Mechi ilipokwisha kocha Arsène Wenger akajitolea irudiwe. Ikarudiwa baada ya siku kumi, na Arsenal wakashinda tena, mbili kwa moja. Kanu hakutupwa, hakuzomewa na wenzake. Aliendelea kuwa mpenzi wa mashabiki wale kwa miaka. Vijana wako wakisikia kwamba inawezekana kurudia na bado ukashinda, baadhi watalainika. Na anayeamini kwamba timu yake ndiyo bora, marudiano yana nini cha kumtisha?

Pesa, ile laki tano, iwekeni kwa mzee mnayemwamini wote mpaka marudiano yachezwe. Mbuzi najua mmeshamla. Nunueni mwingine.

Amebaki mdhamini. Hapa nitasema kwa adabu lakini sitazungusha. Mtu anayetaka udiwani atashika kitabu chake kitakatifu mbele ya watu na kumalizia kwa kumwomba Mwenyezi Mungu amsaidie. Ameshapata mtihani wake wa kwanza kabla hata ya kura, mtihani mdogo wa kombe la mtaa, na jibu lake lilikuwa funga mdomo. Nenda kwake mara ya pili, ukiwa na mzee anayemheshimu. Mwambie habari za Kenneth Kaunda, mtoto wa mchungaji na mpenzi mkubwa wa soka kiasi kwamba timu ya taifa ya Zambia ilipewa jina lake, KK 11. Oktoba 1991, baada ya miaka ishirini na saba madarakani, alishindwa uchaguzi. Jeshi lilikuwa lake, redio ilikuwa yake. Akatokea kwenye televisheni akakubali kwamba ameshindwa, akaondoka Ikulu. Mengi ya utawala wake yalilaumiwa na yanastahili kulaumiwa, lakini siku ile watu wake hawakuzikana. Mdhamini wako akilielewa hilo, kipaza sauti kile kile alichosemea Mungu ametupa anaweza kukitumia kumwombea refa radhi, na mimi niliyeishi mji huu miaka sitini nakuhakikishia watu wa hapa wangemsikiliza zaidi ya mkutano wowote wa kampeni. Asipoelewa, fanyeni mambo yenu bila pesa yake. Jezi za zamani zinatosha.

Mkikubaliana marudiano, naomba jambo moja: filimbi apewe refa yule yule. Tangulieni nyie kumwomba, na nahodha wa kila upande amshike mkono akiwa anaingia uwanjani, watu wote wakiona. Nitumie siku na saa. Nitakuja mapema kupima mistari, na upande ule walikokaa waliorusha mawe, kibendera nitashika mimi.